Aliyeitwa Asiruhusiwe Kurudi

Kuna jambo moja ambalo watungaji wa michezo ya masimulizi wamekuwa wakilizunguka kwa miaka hamsini sasa bila ya kulimaliza, nalo ni hili: mchawi wa katika mchezo akimwita kiumbe kutoka ulimwengu mwengine, na kiumbe yule akaja, je, yafaa abaki daima? Kwa asiyeijua michezo hiyo swali laweza kuonekana la kitoto. Ni kanuni tu, atasema. Iandikwe hivi au iandikwe vile, watu wacheze. Lakini kanuni ya mchezo ni sheria ya ulimwengu mdogo, na mwenye kuitunga sheria, japo ya ulimwengu wa karatasi, hulazimika kuyajibu maswali ambayo walimwengu wa kweli huyakwepa kwa kusema kwamba ndivyo tulivyoyakuta.

Mchezo wenyewe huwa hivi. Watu watano au sita hukaa mezani, kila mmoja na daftari la mtu wake wa kubuni: shujaa, mwizi, kasisi, mchawi. Mmoja wao ni msimulizi, ambaye huueleza ulimwengu na huwasemea wote wasiokuwa na mchezaji. Dadu hurushwa pale ambapo matokeo hayajulikani. Wa mwanzo wa aina hii kuchapwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na mchawi wake hakuchelewa kupewa uwezo wa kuita wanyama na mazimwi. Ila mwito ule ulikuwa wa muda. Kiumbe alitokea, akapigana, na muda ulipokwisha akatoweka. Alikuwa kama mshale, ambao ukishatoka kwenye upinde haumshughulishi tena aliyeutupa.

Wachezaji hawakuridhika na mshale. Mtu akishapata msaidizi hutaka kumpa jina, na akishampa jina hutaka amwone tena kesho. Ndipo likaja ombi la kiumbe wa kudumu, na pamoja nalo shida ya kwanza, ambayo ni ya hesabu tu. Kila kiumbe katika pambano ana zamu yake; mwenye viumbe wanane ana zamu tisa, ilhali wenzake wana mojamoja. Toleo la mwaka 2014 la mchezo huo liliruhusu wanyama wanane waitwe kwa mara moja, na meza nyingi zikajua maana ya kusubiri. Mwaka 2020 kitabu cha nyongeza kilileta miito mipya ya kiumbe mmoja mmoja, na toleo la 2024 likaligeuza lile kundi la wanyama kuwa roho zisizo na viwiliwili, zinazopita uwanjani pamoja kama wingu. Hesabu ikanyooka. Lakini yafaa kutazama imenyooshwa kwa njia gani. Hakuna aliyeachiwa huru na hakuna aliyefungwa. Aliyekuwa mbwamwitu amefanywa moshi, na moshi hauna haki wala zamu.

Hiyo ni njia ya mkato, na wenye kuipita wana udhuru wao, kwani usiku ni mfupi na watu wamekuja kucheza. Swali lakini limebaki palepale.

Watungaji wa toleo la tatu, la mwaka 2000, walikuwa wamelikaribia zaidi. Wao walipambanua kati ya namna mbili za mwito. Katika namna ya kwanza anayekuja ni kama kivuli cha kiumbe: akiuawa hafi, hurejea kwao, na kwa saa 24 haitiki mwito mwengine. Katika namna ya pili huletwa yeye mwenyewe, mwili na nafsi. Akiuawa huku, amekufa kweli. Mstari huo mmoja wa kanuni una falsafa ndani yake. Anayeitwa kama kivuli amekopwa saa yake moja tu na maisha yake yanaendelea alikotoka. Anayeletwa mwenyewe ana mahali ambapo sasa hayupo. Kuna mlango huko kwao ambao haufunguliwi jioni.

Na kwa kuwa waliliona hilo, wakaweka bei. Katika masahihisho ya mwaka 2003, kasisi anayemwomba mungu wake ampelekee msaidizi kutoka ulimwengu mwengine hulipa, kwa kila daraja la nguvu za msaidizi huyo, vipande 100 vya dhahabu kwa kazi ya dakika, 500 kwa kazi ya saa, na 1000 kwa kazi ya siku. Kazi isiyo na hatari hupunguziwa bei, na iliyo sawa na kujiua aghalabu hukataliwa. Ni orodha ya karani wa bandarini, na yumkini si ya kudharauliwa kwa hilo, maana karani angalau anakiri kwamba mchukuzi ni mtu wa kulipwa. Kinachovuta macho ni kwamba orodha hiyo ina safu ya dakika, ya saa na ya siku, na haina safu ya milele.

Kiumbe wa kudumu aliwahi kuwepo katika mchezo huo kwa sura nyengine: yule mnyama mdogo wa mchawi, paka au bundi au kunguru, anayefungamana naye kwa maisha. Historia ya kanuni yake yaweza kusomwa kama tarehe fupi ya huzuni. Mwaka 1978 mnyama huyo akifa, bwana wake alipoteza kwa daima sehemu ya uhai wake mwenyewe, mara mbili ya uhai aliokuwa nao mnyama. Mwaka 2000 bwana alipoteza sehemu ya uzoefu wake, na hakuweza kumpata mwengine mpaka upite mwaka na siku moja. Hiyo ni eda, japo watungaji wake hawakuwa na neno hilo. Kufika mwaka 2014, mnyama akifa hutoweka, na hurudishwa kwa mkaa, uvumba na majani ya thamani ya vipande 10 vya dhahabu. Kilichoanza kuwa msiba kimeishia kuwa ununuzi. Wachezaji waliona nafuu, na hawakukosea kuiona, kwani kanuni ya 1978 iliwafanya wengi wamwache mnyama nyumbani asidhurike, na rafiki wa kuachwa nyumbani daima ni rafiki wa jina.

Hata hivyo kanuni kali ya 1978 na kanuni nyepesi ya 2014 zina kasoro moja. Zote mbili zinamtazama bwana. Moja inamtoza sana, nyengine inamtoza kidogo, na wala hakuna iliyomuuliza bundi. Mtu anaweza kuchukua kikombe cha kauri cha bibi yake kwa mikono miwili, akakitunza miaka arubaini, na bado kisiwe ila kikombe. Tahadhari ya mwenye mali si heshima, ingawa kwa mbali hufanana nayo, na wengi wameishi na kufa wakiipokea ya kwanza kwa kudhani ni ya pili.

Wapenzi wa tamthilia watakuwa wameshamkumbuka Ariel. Katika tamthilia ya Shakespeare ya mnamo 1611, ambayo S. S. Mushi aliitia katika Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la *Tufani*, Prospero ana pepo anayemtumikia kisiwani. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani neno pepo tayari lina upepo ndani yake. Ariel hakuitwa kwa nguvu. Alikuwa amefungwa ndani ya mti wa msonobari na mchawi mwengine, Sycorax, kwa miaka 12, na Prospero ndiye aliyemtoa. Kwa hivyo utumishi wake ni deni la shukrani, na una mwisho ulioahidiwa. Mtungaji wa mchezo angesema huo ni mkataba safi. Lakini mara ya kwanza tu Ariel anapoukumbusha uhuru wake, bwana yule mwema anamsomea hesabu ya fadhila zote alizomtendea, kisha anamtisha kwamba atampasulia mwaloni na kumfunga ndani yake kwa majira mengine 12 ya baridi. Muda ni uleule aliomfunga Sycorax, na si bahati mbaya. Mwokozi ameonyesha kwamba anaujua mti na anaijua hesabu. Fadhila isiyoruhusu kukumbushwa ahadi yake imekwisha kuwa mnyororo, hata kama ni mnyororo mfupi.

Na pale ambapo hakuna ahadi ya mwisho? Kisa cha Nabii Suleiman na majini kinafahamika kwa kila aliyepita chuoni. Majini walimjengea na kumfanyia kazi nzito, naye akafa hali ameegemea fimbo yake, nao wakaendelea kufanya kazi, wakimwona amesimama, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo na mwili ukaanguka. Wafasiri wa aya hukitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba majini hawajui ghaibu, na hiyo ndiyo shabaha yake. Lakini msomaji aliyeshughulishwa na suala la mwito hawezi kuacha kuutazama muda ule wa kati, ambapo bwana ameshaondoka na kazi ingali inaendelea. Kifungo cha daima kina sifa hii ya ajabu, kwamba chaweza kumshinda umri hata aliyekifunga. Hakihitaji ukatili wa mtu yeyote, kwani fimbo iliyosimama inatosha.

Wala kumfungua aliyefungwa mno si jambo la salama. Mvuvi wa *Alfu Lela u Lela* alipoufungua mtungi wa shaba alikuta jini ambaye zamani, katika karne za mwanzo za kifungo chake, alikuwa ameapa kumtajirisha atakayemtoa, na ambaye baadaye, kwa kuchoka kungoja, aliapa kumuua. Kiumbe ni yuleyule. Kilichobadilika ni muda. Mtungaji anayeandika katika kanuni zake kwamba kiumbe wa kudumu atakuwa mtiifu siku zote kwa kiwango kilekile hajaandika kanuni ya kiumbe, ameandika kanuni ya kabati.

Visiwani kwetu mambo ya kuita hayakuwa mchezo, na yalipangwa kinyume. Mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti, na jina hilo peke yake linaeleza nani mwenye kukaa na nani mwenye kukaliwa. Pepo ana kabila lake na tabia zake: ruhani ni Mwarabu na Mwislamu, hutaka usafi na manukato, rubamba ni wa Pemba, kibuki ametoka Bukini na hupenda brandi. Anapopanda kilingeni haamrishwi, huulizwa. Wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Kisha huanza majadiliano, mara nyengine ya usiku kucha, juu ya nguo, pete, chakula na siku za kukumbukwa, na uhusiano huo waweza kudumu maisha yote ya kiti na kurithiwa na mwanawe. Mtu anaweza kuwa na kauli yake juu ya haya yote kidini, na wengi wanayo. Lakini kama jambo la mpango, la nani anadaiwa nini na nani, kuna elimu pale ambayo kitabu cha mwaka 1978 hakikuwa nayo. Udumu haukatwi siku ya kwanza ukamalizika. Huzungumzwa tena na tena, na aliyekuja ana sauti.

Hapa mwenye akili timamu atasimama na kusema: kiumbe wa mchezo hana nafsi. Ni wino. Hakuna mlango huko kwao, kwa sababu hakuna huko kwao. Hoja hii ni ya kweli na haifai kupigwa chenga. Asiyekuwepo hadhulumiwi, na mtu anayelia kwa ajili ya bundi wa karatasi huku akimfokea mtumishi wa jikoni ana maradhi yake mbali. Ila tazama: shujaa na kasisi wa mezani nao ni wino, na bado mchezaji mmoja akimsaliti shujaa wa mwenzake kuna kitu hutokea mezani, kimya huingia, na mara nyengine watu hawasemezani wiki nzima. Kwa nini? Kwa sababu nyuma ya wino ule kuna mtu anayeusemea. Haki ya kiumbe wa kubuni haitoki katika nafsi yake, ambayo hana. Inatoka katika kinywa kinachomsemea. Na katika kanuni nyingi za mwito wa kudumu, anayemsemea kiumbe aliyeitwa ni yuleyule aliyemwita. Bwana hutoa amri kwa sauti moja, kisha hujiitikia labeka kwa sauti nyengine. Kasoro ya kanuni iko hapo, na si lazima kumhurumia bundi ili mtu aione. Kuna kiti mezani, na kimekaliwa na mtu ambaye tayari ana chake.

Kuna waliodhani ridhaa ya mwanzo yatosha. Mchezo wa Kijapani *Final Fantasy X*, uliotolewa na Square mwaka 2001, umejengwa juu ya dhana hiyo na kisha ukaibomoa. Viumbe wakubwa anaowaita Yuna, msichana mwenye kipaji cha mwito, wana asili ya watu: watu waliokubali kwa hiari yao nafsi zao zitolewe wakiwa hai na kutiwa ndani ya masanamu, ili ndoto zao ziwe nguvu ya kuwalinda wengine. Hakuna aliyewalazimisha. Lakini wameota kwa miaka elfu, na wamechoka. Sura ya mtoto mmoja katika hao hujitokeza na kuomba kwamba ndoto ikome. Mwishoni mchezaji hulazimika kuwaita mmoja baada ya mmoja, kwa mara ya mwisho, na kupigana nao mpaka wamalizike. Aliyewatumia safari nzima kama silaha hujikuta anawazika. Wengi walioucheza mchezo huo wakiwa vijana huikumbuka sehemu hiyo wakasahau jinsi adui mkuu alivyoshindwa, na si ajabu, kwani mshindi wa pambano lile hana la kujivunia. Neno la ndiyo lililosemwa mara moja, na mtu ambaye wakati ule hakuweza kujua miaka elfu ni kitu gani, lilikuwa limetumika kupita kimo chake.

Wengine wakasema basi kiumbe apewe uhuru akiuomba. Hili nalo lina tarehe, na wasomaji wa Unguja na Pemba hawahitaji kwenda mbali kuitafuta. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya Sultani Hamoud ya mwezi wa Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria, lakini iliuweka uhuru kuwa kitu cha kuombwa: mtumwa alipaswa kwenda mahakamani mwenyewe akaudai, na aliyeachiwa alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia ilikuwa ya bwana. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Uhuru ulikuwepo katika karatasi, na njia ya kuufikia ilipita mbele ya uso wa aliyekuwa akikulisha. Haifai kuulinganisha uchungu wa watu wale na mchezo wa mezani, na hapa haulinganishwi. Kinacholinganishwa ni maandishi: jinsi kifungu kinavyoweza kuandikwa kwa heshima kubwa, na mlango ukawekwa mahali ambapo mguu haufiki.

Basi mtungaji aandike nini? Lipo jibu ambalo mchezo mmoja ulilikaribia kwa sababu nyengine kabisa. Katika *Wraith: The Oblivion*, wa mwaka 1994, kila mchezaji ni mfu mwenye upande wa giza ndani yake, na upande huo hauchezwi na yeye bali na mchezaji mwengine aliye karibu naye, mwenye haki ya kumnong'oneza, kumshawishi na kumpinga. Kanuni hiyo yaweza kuazimwa. Kiumbe wa kudumu awe na ukurasa wake, wala asiwe mstari katika orodha ya mali baina ya kamba na taa. Ukurasa uwe na jina lake alilokuja nalo, analolitaka, na alichokiacha alikotoka. Asemewe na mchezaji mwengine, si aliyemwita. Na kila mwandamo wa mwezi wa mchezo, mchezaji huyo aulizwe mbele ya wote kama kiumbe anabaki; akisema haondoki, apewe sehemu yake ya ngawira na ya uzoefu kama wenziwe; akisema anaondoka, aondoke, bila dadu kurushwa na bila hesabu ya fadhila kusomwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ni usemi ambao mara nyingi hutumiwa kumfukuza mgeni, lakini una upande mwengine: mwenye jembe ana shamba analolima, na mwenye shamba huulizwa mvua ikinyesha.

Gharama ipo, na si haki kuificha. Mwito wa namna hii ni dhaifu kuliko ule wa kabati. Mchezaji atamlea kiumbe wake miezi sita ya Ijumaa kisha siku moja mwenzake, kwa sauti ya kiumbe, aseme basi, na hapo hapatakuwa na mkaa wala uvumba wa kumrudisha. Wengine watanuna. Pengine meza nyengine zitaukataa utaratibu huo, zikarudia moshi wa 2024, nazo zina haki, kwani moshi haumdanganyi mtu kwamba ni rafiki. Lakini kiumbe anayebaki kwa mwezi wa saba, ilhali angeweza kuondoka katika wa kwanza, ni kitu ambacho kanuni nyengine zote hazina namna ya kukitengeneza.

Shakespeare hakumpa Ariel jibu. Prospero anamwachia huru katika maneno yake ya mwisho kabla hajaigeukia hadhira, na karatasi haionyeshi kwamba pepo alishukuru, au aliaga, au aligeuka nyuma. Kila mwongozaji hujaza pengo hilo kwa namna yake. Mwaka 1993 huko Stratford, katika maonyesho yaliyoongozwa na Sam Mendes, Ariel wa Simon Russell Beale alipoambiwa kwamba yu huru alimtazama bwana wake, akamtemea mate usoni, akaondoka.